Masega kwa Bei ya Wanafunzi Kumi na Wanne

Mkaguzi wa magari aliomba leseni kwanza, akaisoma mbele na nyuma, akamrudishia mwenyewe. Ndipo akachomeka kijiti cha mashine yake kwenye bomba la moshi, akasubiri, akatazama kioo cha mashine, akatikisa kichwa. Akakichomoa, akakifuta, akakichomeka tena, maana yule mama aliyesimama mbele yake na funguo mkononi hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara moja akalikubali.

"Mwalimu, gari lako halina masega," akasema.

"Halina nini?"

Kama wewe hujawahi kulala chini ya gari, ngoja nikuweke sawa. Katikati ya bomba la moshi, huko chini ambako hakuna mtu anayekwenda kwa hiari yake, kuna dude la bati nene lililovimba tumbo. Ndani mna vitundu vidogo vidogo, mfano wa sega la nyuki, ndiyo maana mafundi wakaliita masega. Moshi unaingia humo ukiwa mchafu, unatoka una nafuu. Mwaka jana mkaguzi alikuwa anapiga honi, anawasha taa, anapiga teke tairi moja kisha anagonga muhuri. Mwaka huu wameletewa mashine ya kunusa moshi, na mashine haina undugu na mtu.

Huyu mama alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi walimpa jina la Taratibu kwa sababu alilitamka neno hilo mara mia kwa siku, ingawa yeye mwenyewe akikasirika hakuwa na utaratibu wowote. Shule yake ilikuwa chumba kimoja chenye ubao, picha za alama za barabarani, viti sita na hilo gari moja. Mumewe alipofariki, miaka mitatu iliyopita, watu walimshauri auze kila kitu arudi kwao. Akawasikiliza kwa heshima zote, akawapikia chai, na kesho yake saa mbili asubuhi akafungua shule.

"Nakupa siku kumi," mkaguzi akamwambia, akiandika. "Zikipita bila masega, kibali cha shule kinakufa. Na kuomba upya siku hizi ni lazima uwe na magari matatu."

"Mimi nina moja."

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana nimekuandikia kumi badala ya saba."

Mwalimu akatoka hapo moja kwa moja hadi kwa muuza spea. Muuza spea alipiga simu mbili, akapekua daftari, kisha akaandika bei kwenye kipande cha karatasi na kukisukuma juu ya meza, kama watu wanavyofanya wanapoona haya kutamka jambo kwa mdomo. Mwalimu akaisoma. Akaisoma tena, akidhani ameongeza sifuri kwa macho yake mwenyewe.

Yeye hesabu zake zote alizifanya kwa wanafunzi. Kochi la sebuleni lilikuwa wanafunzi wanne, meno ya bandia ya mama yake yalikuwa wanafunzi wawili na nusu. Masega haya yalikuwa wanafunzi kumi na wanne, waliolipa ada yote, bila mmoja kukimbia na deni. Gari lenyewe zima, likiuzwa kwa mtu asiyejua magari, lisingefika wanafunzi ishirini na watano.

"Yana nini ndani, almasi?"

"Yamepakwa madini, Mwalimu. Mengine yanaizidi dhahabu kwa bei," muuza spea akasema kwa upole. "Lakini gari hilo lilitoka kiwandani likiwa nayo. Hayayeyuki. Muulize aliyekuchomelea bomba mara ya mwisho."

Hapo mwalimu akakumbuka. Aliyemchomelea bomba mara ya mwisho alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, fundi wa kuchomelea anayejulikana mtaa mzima wa gereji kwa jina la Gesi. Alimchomelea wiki ileile ya msiba, na alipotaka kumlipa, akaukataa mkono wake. "Shemeji, mimi nikuchukulie hela wiki hii? Nenda zako." Kwa miaka mitatu mwalimu hakuacha kulisimulia jambo hilo. Kila ukoo ulipokutana, mtu akianza tu kulalamika kwamba ndugu siku hizi hawana maana, yeye alidakia: subiri nikwambie shemeji yangu alivyonifanyia. Gesi alikuwa anainamisha kichwa kwa haya, na wakwe wanafurahi.

Sasa alivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, yeye anayewakata watu maksi kwa kosa hilo hilo.

Mtaa wa gereji ulikuwa uwanja mrefu wa udongo mweusi kwa oili, vibanda vya mabati kila upande, na magari yaliyofunuliwa boneti kama wagonjwa kwa daktari wa meno. Gesi alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Mwalimu akaigonga kwa ncha ya kiatu.

"Toka, shemeji. Nataka kukuona uso."

Akatoka, mzee wa miaka hamsini na saba, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji, uso mweusi kwa masizi isipokuwa pale miwani ilipokaa. Mwalimu akamwonyesha karatasi ya mkaguzi, kisha ile ya muuza spea.

"Masega yangu yako wapi?"

"Masega?" Gesi akatabasamu, akafurahi kuwa ni jambo dogo. "Si niliyatoa. Yalikuwa yamejaa masizi, gari lilikuwa linapumua kwa shida. Nikakata, nikakuwekea bomba tupu, likawa jepesi. Hukuona lilivyokuwa jepesi?"

"Nililiona. Ukayapeleka wapi?"

"Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Huwa anapita kila mwezi, anabeba yote, ananiachia pakiti ya vijiti vya kuchomelea." Akaongeza kwa majivuno kidogo: "Yule bwana ana roho nzuri sana. Mimi sijanunua vijiti miaka sita."

Mwalimu alimtazama vizuri. Alikuja amejiandaa kumkuta mwizi, maneno yote ya kumwambia mwizi alikuwa ameyapanga njiani, tena mazito. Badala yake amemkuta mtu aliyetapeliwa miaka sita na bado anamsifu tapeli. Hasira zikakosa pa kutua. Akakisogeza kile kipande cha karatasi karibu na uso wake.

"Soma hiyo bei, shemeji. Ni ya mapya, na mabovu hayauzwi hivyo. Lakini yule bwana wako mwenye roho nzuri, unadhani anayapeleka wapi?"

Gesi akacheka. Kisha akasoma tena. Kisha akarudi nyuma mpaka akapata tairi la kukalia. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, na mwalimu akajua anahesabu: gari la kwanza, la pili, la mwenye duka, la daktari, la yule mama wa mikate. Alipofika mahali fulani akaacha kuhesabu, akavua miwani kichwani, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nawaambia ni bure," akasema. "Wote nilikuwa nawaambia, nakukatia bure, gari lipumue."

Siku ya pili walikwenda pamoja kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuwa mtu mnene mchangamfu, mwenye kiti cha plastiki na mizani, na hakushtuka hata kidogo. Yale ya miaka mitatu, alisema, yameshavuka bahari siku nyingi. Ila kama mama ana shida, hawezi kumwacha shemeji wa rafiki yake Gesi ateseke. Akainua turubai. Chini yake kulikuwa na seti moja ya masega yaliyolingana kabisa na ya gari la mwalimu, na kingo zake zilikuwa zinang'aa kwa msumeno. Bei yake: wanafunzi watatu.

Watatu tu. Mwalimu alikuwa na akiba ya wanne benki. Angeweza kulipa hapo hapo, jioni Gesi akayafunga, kesho akarudi kwa mkaguzi akiwa na siku saba za ziada. Akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa, ukamkwaruza. Hakikuwa kitu kilichokaa wiki tangu kikatwe.

"Haya yametoka kwenye gari gani?"

"Mama, unataka masega au unataka historia?"

"Nataka kujua ni nani anayeamka kesho gari lake linanguruma, hajui limepatwa na nini."

Mnunuzi akacheka, akamtazama Gesi amsaidie. Gesi alikuwa anatazama chini. Mwalimu akalirudisha turubai mahali pake, akaikung'uta mikono, akaondoka. Njia nzima moyo ulimwuma, nisikudanganye. Alikuwa ameacha nafuu kwa miguu yake mwenyewe, na hakujisikia mtu mwema hata kidogo, alijisikia mjinga. Lakini alishakataa, na yeye akishakataa hata yeye mwenyewe hawezi kujibembeleza.

"Nitauza mitungi yangu," Gesi akasema nyuma yake. "Mitungi na mashine. Inafika wanafunzi sita au saba."

"Halafu mapya nani atayafunga, na utakula nini mwezi ujao? Acha kujitoa mhanga, shemeji, jua kali."

Walikuwa wamerudi mtaa wa gereji. Mbele yao kijana mmoja mnene, fundi mwenye ulimi mrefu aliyeitwa Breki, alikuwa anarudisha nyuma gari la mteja. Alikuwa ameweka mkono mmoja kwenye usukani, kichwa nje ya dirisha, hana habari na vioo. Akaligonga pipa la oili, likaviringika. Watu wakashangilia. Mwalimu akasimama akalitazama pipa mpaka likatulia.

"Yule ana leseni?" akauliza.

Gesi akasita. "Yule? Hapana."

"Na yule wa gia?"

"Hana."

"Wewe?"

Gesi akajikuna shingo. Miaka thelathini alikuwa akiyaendesha magari ya watu kwenda kuyajaribu barabara ya nyuma, kwa njia za panya, akimjua kila askari kwa jina. Leseni hakuwahi hata kuishika, labda ya mteja iliyosahauliwa kwenye dashibodi.

"Mafundi wangapi hapa?"

"Kama arobaini hivi."

"Mimi natafuta kumi," akasema mwalimu.

Kesho yake mchana, wakati mafundi wanapokaa kivulini kula, akalileta gari lake katikati ya uwanja, herufi L ya wanafunzi juu ya paa, akazima injini. Akawaeleza waziwazi: ada yote mkononi wiki hii, darasa la nadharia hapa hapa kila mchana, na barabarani mara gari litakapopita ukaguzi. Walimsikiliza kwa adabu kwa sababu ni shemeji ya Gesi. Alipomaliza, Breki akafuta mdomo.

"Mwalimu, mimi nimezaliwa ndani ya gari. Unifundishe nini, kuliita jina?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mwingine akasema mteja akimwona fundi wake anasukuma gari lenye herufi ya wanafunzi, atahamisha gari lake siku hiyo hiyo. Hilo lilikuwa la kweli, na ndilo lililokuwa linawauma wote. Mwalimu alijibu hili, akajibu lile, koo likamkauka, hakuna aliyenyanyuka. Siku ya nne ikawa vilevile, isipokuwa kicheko kilikuwa kidogo na chai ilikuwa nyingi. Siku ya tano watu walianza kumpisha wakimwona anakuja. Yeye alifika saa ileile, akapaki palepale, akawaelekeza alama za barabarani watu waliompa mgongo, kwa sauti iliyokwisha kukwaruza. Usiku alilia kidogo, akanawa, akalala. Zilibaki siku tano.

Siku ya sita Gesi akatoka kibandani kwake. Alikuwa amenawa uso, jambo ambalo peke yake liliwafanya watu wageuke. Akapita katikati yao, akafungua mlango wa dereva, akaketi. Yeye, mkubwa wa mtaa, aliyewafundisha nusu yao kushika spana, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi mchana kweupe.

"Nianze wapi, Mwalimu?" akauliza. Hakusema shemeji.

Mwalimu akaketi kando yake. "Anza na kiti. Kisogeze mpaka mguu ufike kwenye klachi bila kunyooka wote. Kisha vioo."

"Mzee kapotea njia," Breki akasema kutoka kivulini. "Mwonyesheni honi iko wapi."

"Honi naijua," Gesi akasema, bila kugeuka. "Masega ndiyo sikuyajua. Nimeyakata miaka sita, nikayatoa kwa pakiti ya vijiti, nikawaambia wenyewe nawasaidia. Hili gari nililokalia lilikuwa la mdogo wangu. Nililikata wiki tuliyomzika. Na leo mjane wake yuko hatarini kufungiwa shule kwa ajili ya kazi yangu, na miaka mitatu amekuwa akinisifu kwa hiyo kazi." Akashika usukani kwa mikono miwili, kama mgeni. "Wewe Breki, umekata mangapi? Nani hapa hajakata?"

Sufuria moja ya chai ilikuwa inachemka peke yake. Wote walikuwa wamekata, na wote sasa walikuwa wanafanya ile hesabu ya midomo isiyo na sauti.

Mwalimu akaona nafasi, akaingia. Hakuwapaka mafuta.

"Wateja wenu watarudi hapa na karatasi kama yangu, wote, mmoja mmoja. Watataka mlichokitoa mkirudishe, na watataka mlipeleke gari ukaguzi wakati wao wako kazini. Kitu cha kwanza mkaguzi anachoomba ni leseni. Mimi nimeombwa Jumatatu. Sasa mtapeleka nini, uso mzuri?"

Fundi wa gia ndiye aliyenyanyuka kwanza. Akaingia kibandani, akatoka na bahasha iliyolowa oili. Baada yake wawili waliokuwa ndugu, wakibishana nani atangulie. Jioni walikuwa watano pamoja na Gesi, siku ya saba wakawa wanane, mmoja wao amelipa kwa kuuza redio. Wa tisa alikuja siku ya nane asubuhi. Wa kumi hakuja. Mwalimu alikaa kwenye gari mpaka mchana ukaisha, akihesabu tisa na nne, tisa na nne, kana kwamba zingebadilika zikawa kumi na nne. Jua lilipoanza kuinama, Breki akapita dirishani, akatupa bahasha kitini bila kusimama.

"Ni kwa ajili ya biashara tu," akasema. "Msije mkadhani nimeguswa."

Siku ya tisa Gesi alilala chini ya gari saa tatu nzima. Alilikata bomba lake mwenyewe, lile alilolichomelea kwa mikono yake, akafunga masega mapya kwa bolti na kuyachomelea kingo kwa uzi mwembamba wa moto, kazi safi kiasi kwamba Breki alikuja kuchungulia akaondoka bila mzaha. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, mkaguzi akachomeka kijiti chake. Akasubiri, akatazama kioo, akachomoa. Muhuri ulipogongwa alisema asante kwa sauti ya kawaida, akaendesha mpaka nyuma ya ukuta wa ofisi, akapaki, na hapo akaikunjua karatasi, akausoma ule muhuri mara tatu.

Alasiri ile ile Gesi alikuwa wa kwanza barabarani. Kuendesha alijua, hilo halina ubishi, lakini alijua kama mtu anayejificha. Alikuwa anashika usukani chini chini, anakwepa barabara kuu, na akimwona askari anainamisha kichwa. Mwalimu, kwenye kiti cha pembeni na mguu juu ya breki yake ya pili, alimrekebisha moja baada ya jingine. Walipofika kwenye makutano makubwa taa ilikuwa nyekundu. Wakasimama.

"Shemeji," Gesi akasema, macho mbele. "Siku ile sikuwa na kitu. Mdogo wangu amekufa, watu wanaleta hiki na kile, mimi mfukoni hamna hata nauli. Nikaona nikuchomelee bomba. Nilitaka na mimi niwe nimekupa kitu."

"Najua."

"Kumbe nilikuwa nachukua."

Mwalimu alitaka kusema imekwisha, akaona si kweli. Bei ilikuwa wanafunzi kumi na wanne, na tisa kati yao walikuwa wanamsubiri gereji, wakidai barabara, wa kumi akiwa kando yake. Alitaka kusema ataendelea kumsifu, akaona hilo litamwumiza zaidi. Taa ikageuka kijani. Nyuma yao mtu akapiga honi.

"Tunakwenda kulia," akasema. "Barabara kuu. Weka indiketa."

Gesi akaweka indiketa. Akaangalia kioo cha juu, cha kushoto, cha kulia, machozi yakimshuka bila kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa mahali pake. Askari aliyekuwa katikati ya makutano akawatazama, na safari hii Gesi hakuinamisha kichwa. Mwalimu akauondoa mguu kwenye breki yake, akauweka chini.